Saketi au Programu, Jibu Kabla ya Saa Sita

Upepo wa joto wa kaskazini-magharibi ukivuma hapa Christchurch watu wanakuwa wakali bila sababu, na mimi siku hiyo sababu nilikuwa nayo, tena tatu, zimekaa mbele yangu. Nauza kahawa kwenye kibanda cha magurudumu, mtaa wa viwanda nyuma ya uwanja wa ndege. Chini ya dirisha langu kuna benchi. Sikuliweka mimi. Waliligongelea wateja wangu watatu, wao wenyewe, kwa mbao za mizigo, wakalikalia, na mpaka leo hawajanyanyuka. Mimi wananiita Mama Povu kwa ajili ya maziwa ninayoyatoa povu. Yule mwenye ndevu nyeupe na makovu ya kuungua vidoleni ni Waya, jina lake hasa Lindsay Pascoe. Ameunda saketi za redio za upepo, zile za kubonyeza kitufe ndipo uongee, maisha yake yote, sasa amestaafu, na kustaafu kwenyewe ni kuja hapa kuwatukana wanaofanya kazi. Yule wa kofia ya sufu kwenye joto lote lile ni Wingu, yaani Brendon. Anaandikia programu mashirika ambayo hajawahi kuyaona kwa macho, na chochote ulicho nacho atakushauri ukiweke mtandaoni. Wa tatu ni Tevita Fonua, ambaye tunamwita Kesho, kwa kuwa ndilo jibu lake ukimwuliza kazi itakwisha lini. Huyu anaandika programu zinazokaa ndani ya redio, kwenye kiwanda kilicho ng'ambo ya barabara. Asubuhi hiyo alikuwa na pai ya nyama mkononi na haikuwa imeng'atwa, nikajua kuna jambo.

– Wamenipa mpaka saa sita, Kesho akasema. – Timu yetu ya programu inapunguzwa nusu. Anayetaka kubaki lazima achague. Ama ashuke ghorofa ya chini kwenye saketi za analogi, aanze upya kama mwanafunzi, maana wazee wa kule wanaondoka. Ama abaki juu kwenye programu, ajifunze huu mtindo mpya ambao mashine inaandika na wewe unakagua. Ukishachagua ndiyo umechagua. Ukichagua vibaya, mwakani uko nje.

– Sasa hapo unachofikiria ni nini? Waya akamwuliza. – Shuka.

– Ashuke aende wapi, makumbusho? Wingu akadakia.

– Nyie, nikawaambia kutoka dirishani, – huyu ana mke na mapacha, na umri wake si wa kubahatisha. Hebu mjibuni kama watu.

– Namjibu kama mtu, Mama Povu. Namwambia ukweli mtupu, Waya akasema. – Programu si elimu. Ni kuiamrisha mashine kwa maandishi. Hata karani anaamrisha kwa maandishi, mbona hatumwiti mhandisi?

– Na analogi ndiyo elimu?

– Analogi ni umeme wenyewe, mama. Unapanda, unashuka, unatetemeka, una joto, una hasira zake. Sauti ya mtu inaingia kwenye waya vilevile ilivyotoka kinywani. Hawa wanaikatakata vipande, kila kipande wanakipa namba, halafu wanajisifu eti wameirudisha.

– Tunairudisha safi kuliko ilivyokuja, Wingu akasema.

– Ndilo ninalosema. Mtu ana mafua, nyie mnamtoa hana mafua. Huo si uongo?

Wingu akacheka kwa pua. Huyo ndivyo anavyocheka, kwa pua, na kofia inapanda juu kidogo.

– Mzee, ulimwengu umekuacha kituoni. Siku hizi mtoto wa shule anaigiza saketi yako nzima kwenye simu, anaichezea, anaitupa. Nani atakaa miaka kumi kujifunza kitu kinachobadilika tabia jua likitoka?

– Mwulize habari za maziwa, Waya akamwambia Kesho.

– Usianze.

– Mwulize.

Kesho hakuuliza, lakini Waya akishashika habari ya maziwa humzuii. Kuna mfugaji kule Ashburton aliyemkodi Wingu amtengenezee programu ya kuangalia joto la tangi la maziwa. Kipimo kilikuwa kinarukaruka. Mtu mwenye akili zake angekwenda kulitazama tangi. Wingu hakwenda. Akakaa nyumbani akaandika programu ya kuunyoosha ule mstari, kisha nyingine ya kuunyoosha zaidi, na ya tatu kwamba kipimo kikikosekana, basi kiwekwe kile cha mwisho. Alituonyesha hapa kwenye simu yake, mstari umenyooka, akaomba tumsifu, na mimi mjinga nikamsifu. Kumbe waya wa kipimo ulikuwa umekatika siku nyingi. Maziwa yanachacha, simu inasema baridi ile ile. Dereva wa lori la maziwa akaja, akafungua kifuniko, akakifunga, akaondoka bila kuyapakia.

– Panya ndiye aliyekata waya, Wingu akajitetea. – Programu yangu haikuwa na kosa hata moja.

– Kweli. Kosa lilikuwa la maziwa.

– Sawa, tuseme basi na ya kwako, mzee. Tuseme habari ya vidagaa.

Waya akawa ghafla anapuliza kahawa iliyokwisha poa.

Hii nayo mtaa mzima unaijua. Enzi zake kiwandani, Waya aliunda saketi ya kupimia kila redio kabla haijafungwa kwenye boksi. Saketi nzuri, hilo wote wanakubali, ila kuirekebisha aliweza yeye peke yake, kwa bisibisi ndogo na sikio. Majira ya kuvua vidagaa weupe, vile visamaki vya mtoni, yakafika, naye akavuka milima kwenda Pwani ya Magharibi na wavu wake. Nyuma huku baridi ikaingia, saketi ikahama vipimo vyake, kila redio ikawa inapimwa mbovu. Kiwanda kikasimama. Kumpigia simu, hapatikani, mtoni hakuna mtandao. Ikabidi dada wa mauzo aendeshe gari kuvuka milima kumfuata. Akamkuta amesimama kwenye maji mpaka magotini, na unajua alimwambia nini? Alimwambia asubiri maji yapwe kwanza.

– Mtu ametengeneza redio maisha yake yote, Wingu akasema, – na hapatikani hata kwa redio.

– Kwani hukuiandika popote namna ya kuirekebisha? Kesho akamwuliza.

– Haiandikiki ile. Inasikilizwa, Waya akajibu, wala haya hakuona.

Nikadhani wameshavuana nguo vya kutosha na sasa watamsaidia mwenzao. Wapi. Ndiyo kwanza wakapata moto.

– Nikwambie kitu, Kesho, Waya akasema, akimgeukia kama daktari. – Mtu aliyeanza na programu hawezi hata kukaanga yai. Nimewachunguza. Amezoea kufuta na kurudia. Yai hulifuti.

– Na mimi nikwambie, Wingu akasema. – Watu wa analogi wote wameachwa na wake zao. Hesabu mmoja mmoja. Mke anataka ndiyo au hapana, wao kila kitu jibu lake liko katikati.

Hapo palikuwa pabaya kidogo, maana mke wa Waya anaishi Nelson na mtu wa mashua. Waya akameza, akaendelea.

– Raga yetu imeanza kufungwafungwa tangu shule zilipoacha kufundisha kulehemu. Mkono ambao haujawahi kuungua unaogopa mpira.

– Raga? Mzee, baada ya miaka michache hata kondoo watakuwa programu.

– Utamnyoa nini kondoo wa programu?

– Humnyoi. Ndiyo raha yake.

– Na nyama?

– Nyama utapakua mtandaoni.

– Mnamsikia huyu, Waya akasema. – Mungu hakuumba kwa sifuri na moja. Mvua ni analogi. Moyo ni analogi. Hata lile tetemeko lilikuwa analogi.

Hilo alilisema vibaya. Hapa kwetu, ambako tetemeko liliangusha mji na kuzika watu, neno hilo mtu halitupi tu mezani, na yeye mwenyewe akalijua, akaangalia viatu vyake. Upepo ukabeba kikombe kitupu mpaka katikati ya barabara.

– Nimewauliza jambo moja, Kesho akasema.

Alisema taratibu, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

– Nimewauliza nikajifunze nini. Nyie mmenipa kondoo. Jamani, mimi naogopa. Nikishuka chini nitakaa na watoto wa chuo, nishike chuma cha kulehemu mkono unatetemeka, na wale wa chini ambao tumewacheka miaka yote wanicheke na mimi. Nikibaki juu nitakuwa mkaguzi wa mashine inayoandika haraka kuliko mimi, na siku wakigundua inaweza kujikagua, basi. Usiku mke wangu ananiuliza tumefikia wapi. Sina la kumwambia.

Nikangoja mmoja wao aseme neno la maana. Ningengoja mpaka leo. Waya akasema mtu wa kweli haogopi kuungua. Wingu akasema hofu ni tatizo la kizazi. Na hawa ndio waliosoma, mwenzangu. Mimi nauza kahawa tu, akili siuzi. Ningekuwa nazo za kuuza, wateja wote hawa ningekuwa tajiri.

– Mimi nabaki juu, Kesho akasema mwishowe, akatoa simu. – Si kwa sababu ya maneno yenu. Kule nimezoea.

– Hongera, Wingu akasema.

– Pole, Waya akasema.

Kidole cha Kesho kilikuwa kinatafuta herufi ya kwanza pale mwanamke mmoja alipovuka barabara kutoka kiwandani. Alikuwa na buti zenye tope kavu na koti la rangi ya chungwa la vikosi vya uokoaji, na mkononi ameshika redio ya upepo. Akaja dirishani akaomba chai ya rangi. Nikamwona macho mekundu, nikamwekea sukari bila kumwuliza.

– Samahani, akawageukia wa kwenye benchi. – Nyinyi ni wa kile kiwanda?

– Kile kiwanda nilikisimamisha mimi, Waya akasema.

– Mimi si wa pale, Wingu akasema, – lakini naelewa kuliko walio pale.

Kesho akainua macho kutoka kwenye simu.

– Naitwa Merania. Niko kwenye kikosi cha kutafuta waliopotea milimani, upande wa Arthur's Pass. Mimi na kaka yangu, Rawiri. Hii ni redio yake.

Akaiweka kwenye benchi, katikati yao.

– Juzijuzi tulipanda kumtafuta mzee mmoja aliyepotea. Rawiri akateleza korongoni, mguu ukavunjika. Akabonyeza kitufe akatuita. Taa ikawaka. Akaita tena. Usiku kucha anabonyeza, taa inawaka, anaongea. Sisi tulikuwa nyuma ya ukingo tu, kila mtu na redio yake, hatukusikia hata pumzi. Tulipoona harudi tukaacha kumtafuta mzee, tukamtafuta yeye.

– Na mlimpata? nikauliza.

– Rawiri tulimpata asubuhi. Yuko hospitali, mguu wa kushoto madaktari hawajaamua. Yule mzee tulimpata jioni yake. Tulichelewa.

Nikapunguza moto wa mashine ili isipige kelele.

– Mguu haumsumbui, Merania akaendelea. – Kinachomsumbua ni kwamba anadhani alibonyeza vibaya. Anasema vidole vilikuwa na ganzi, labda hakushikilia sawasawa, labda alishikilia juu sana. Anasema angebonyeza vizuri tungemchukua upesi na yule mzee angekuwa hai. Halali. Basi leo nimekuja kuuliza hapo mapokezi. Wakanituma juu. Juu wakaitazama, wakasema hii si yetu, ni ya chini. Chini wakaitazama, wakasema ni ya juu. Nimepanda na kushuka zile ngazi asubuhi nzima. Nataka jibu moja tu la kumpelekea. Alikosea yeye, au ilikosea redio?

Waya akaichukua. Akaigeuza, akaitikisa sikioni, akabonyeza. Taa ya kijani ikawaka.

– Hii ni programu hii, akatangaza. – Zamani zangu kitu kama hiki kisingetokea.

– Una hakika?

– Ili niwe na hakika kabisa itabidi ifunguliwe.

– Ifungue.

Waya akaishika tu.

– Hizi za sasa, dada, sijawahi kuzifungua.

– Ni saketi, Wingu akasema. – Wazi kabisa. Ingekuwa programu, ingeleta ujumbe wa kosa.

– Ilileta taa ya kijani.

– Ndiyo, lakini...

Wingu akavua kofia, mara ya kwanza nimemwona kichwa tangu nimfahamu. Merania akamtazama Kesho, ambaye simu ilikuwa bado iko wazi mkononi mwake.

– Na wewe kaka, unaijua hii?

– Hiyo taa, Kesho akasema, – niliiandika mimi.

Akasubiri kidogo kama mtu anayetaka kupigwa. Hakupigwa.

– Ikiwaka maana yake nini? Merania akamwuliza.

– Maana yake kitufe kimebonyezwa.

– Si kwamba sauti imetoka?

– Hapana. Programu inaona kitufe kimebonyezwa, inawasha taa, inapeleka sauti chini kwenye saketi. Ikitoka hewani, isitoke, hiyo ni kazi ya chini. Sisi hatuoni. Hatukuwahi kuwauliza kama kuna namna ya kuona, na wao hawakuwahi kutuambia.

– Sasa mbona mliipa kijani?

Swali lenyewe ndilo hilo. Mtoto angeliuliza. Waya, bingwa wa umeme wenye hasira, akatazama barabarani. Wingu akaikunja kofia yake, akaikunjua. Kesho akanyoosha kidole akaigusa ile taa. Wamebishana mbele yangu miaka, kipi kigumu, kipi cha wenye akili, kipi mtu akijifunza anakuwa mtu. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukaa upande wa yule anayeitazama ile taa.

– Kaka yako alibonyeza sawasawa, Kesho akasema hatimaye. – Mwambie hivyo. Taa isingewaka kama angebonyeza vibaya. Mwambie aliyeiandika ndiye aliyesema.

– Una hakika, au unanifariji?

– Hilo nina hakika nalo. Ni hilo tu. Ilikufia wapi baada ya hapo, sijui.

Merania akaweka kikombe chini. Akaziba macho kwa kiganja, akakaa hivyo, mabega yanapanda na kushuka. Alipokiondoa kiganja akauliza:

– Jumamosi kikosi kinapanda tena. Tuna hizi hizi.

– Msipande nazo.

– Wakubwa wako wamekuruhusu kusema hivyo?

– Hapana, Kesho akasema. – Msipande nazo. Tafuteni nyingine popote, azimeni, lakini hizi ziacheni chini.

Kisha akaandika kwenye simu, pale pale, akitamka huku anaandika, nadhani alitaka kujisikia mwenyewe. Kwamba anashuka kwenye analogi. Kwamba ameshamwambia mteja asizitumie redio hizi, na kama wanataka kumfukuza kwa hilo wamfukuze, ila kwanza anaomba meza kule chini na mtu wa kumwonyesha. Akatuma. Uso wa Waya ukafunguka kama mlango wa duka.

– Umefanya la maana, mwanangu. Si nilikuambia?

– Usifurahi, mzee, Kesho akasema. – Wewe umeulizwa swali la chini na hukujua. Mimi nimeulizwa la juu na sikujua. Naenda upande nisiouona; ningekuwa mtu wa chini leo, ningejiandikisha juu.

Akasimama. Pai akaiacha pale benchi. Akamwambia Merania waende wote, waanzie chini, na safari hii hakuna atakayewaambia wapande. Alinyoosha mkono ambebee ile redio. Merania hakumpa, aliibeba mwenyewe. Wakavuka barabara, yeye mbele, Kesho nyuma yake, na mlango wa kiwanda ukawameza.

Wale wawili wakaukodolea macho ule mlango. Nikasema moyoni, labda wamejifunza kitu.

– Ameamua kwa huruma, Wingu akasema. – Huruma si kigezo cha kuchagua fani.

– Fani kachagua sawa, Waya akasema. – Sababu ndiyo kakosea. Mimi ningemweleza vizuri zaidi, kwa mfano, ukichukua moyo wa kondoo...

– Kondoo yupi, wa kweli?

– Mama Povu, Waya akaita bila kugeuka, kikombe kimeinuliwa juu. – Tuongezee mbili, hii mada ni ndefu.

Kahawa ilikuwepo, nusu gunia chini ya miguu yangu, na maji yanachemka. Nikavuta dirisha nikawaambia imekwisha.